Majumba ya Kihistoria ya Uingereza kwa Familia ya Kipato cha Kawaida: Mwongozo Kamili

Familia ya kawaida inaweza kutembelea majumba ya kihistoria ya Uingereza, tena mara kadhaa kwa mwaka, bila kuingia kwenye deni. Tatizo ni kwamba hakuna anayekuambia hivyo ukiwa mgeni wa mambo haya. Bei utakayoiona kwanza kwa kawaida ndiyo kubwa kuliko zote, nafuu zinatajwa chini kabisa ya ukurasa, na nyumba zisizo na kiingilio hazina fedha za kujitangaza.

Chukua Tower of London. Mtu mzima mmoja hulipa zaidi ya pauni 30. Baba, mama na watoto watatu wanaosoma shule wanapita pauni 100 kabla hawajanunua hata maji ya kunywa. Familia hiyohiyo, ikiwa inapokea Universal Credit, fao la serikali kwa wenye kipato cha chini, inaingia mlango uleule kwa pauni 5, yaani pauni 1 kwa kila kichwa. Vyumba ni vilevile na vito vya taji ni vilevile. Kinachotofautisha malipo hayo mawili ni taarifa tu, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa wanaoishi Uingereza na kwa wanaokwenda kuwatembelea ndugu zao huko.

Fuata hatua kwa mpangilio nilioutoa. Uanachama nimeuweka karibu na mwisho kwa makusudi, ingawa kaunta nyingi zitakuuzia huo kwanza.

Hatua ya 1: Jua nyumba ni ya nani

Majumba haya hayana mwenyewe mmoja, na kadi ya mmoja haifungui mlango wa mwingine. Watu wengi hupoteza fedha hapa: wananunua uanachama wa shirika moja, kisha wanafika kwenye nyumba ya shirika lingine na kulipa upya.

National Trust, iliyoanzishwa mwaka 1895, inatunza majumba mengi ya England, Wales na Ireland Kaskazini. Scotland ina shirika lake, National Trust for Scotland, la tangu 1931. English Heritage ina maeneo zaidi ya 400 ndani ya England, lakini mengi ni magofu, ngome na mabaki ya nyumba za watawa kuliko nyumba zenye samani. Wales kuna Cadw, na Scotland kuna Historic Environment Scotland. Makasri ya kifalme nayo yamegawanywa: Historic Royal Palaces inashika Tower of London, Hampton Court, Kensington na Hillsborough, wakati Windsor, Buckingham na Holyroodhouse tiketi zake huuzwa na Royal Collection Trust.

Halafu kuna nyumba za halmashauri za miji, ambazo kwa familia yenye bajeti ndogo ndizo bora kuliko zote. Mwisho kuna nyumba za familia binafsi, nyingi zikiwa ndani ya umoja uitwao Historic Houses, ulioanza mwaka 1973. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, angalia nembo.

Hatua ya 2: Anza na nyumba za bure

Wapo wanaodhani nyumba isiyo na kiingilio ni nyumba ya daraja la chini. Si kweli hata kidogo.

Kenwood House, kaskazini mwa London, ni bure. Ndani yake kuna mchoro ambao Rembrandt alijichora mwenyewe uzeeni, na mmoja wa michoro michache ya Vermeer iliyopo duniani. Jengo na picha zake ziliachwa kwa taifa na Lord Iveagh, wa ukoo wa Guinness, aliyefariki mwaka 1927. Kwa msomaji wa Kiswahili Kenwood ina uzito mwingine. Ndiko alikokulia Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761, mama yake mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa, baba yake ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Alilelewa na Lord Mansfield, jaji yuleyule aliyeamua mwaka 1772 kwamba James Somerset, mtumwa aliyetoroka, hawezi kuondolewa England kwa nguvu. Mtoto wako akiuliza kama watu wa rangi yake waliwahi kuishi katika nyumba kama hizi, jibu liko Kenwood, na halina kiingilio.

Ukiwa Bristol, nenda Georgian House, nyumba ya mji iliyojengwa takriban mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, mfanyabiashara aliyetajirika kwa mashamba ya miwa ya kisiwa cha Nevis. Humo alitumika Pero Jones, mtumwa aliyeletwa kutoka Nevis. Daraja la waenda kwa miguu katika bandari ya Bristol, lililofunguliwa mwaka 1999, limepewa jina lake. Nyumba na daraja unaweza kuvitembelea siku moja kwa miguu. Hiyo ni historia ambayo makasri mengi yenye kiingilio kikubwa yalichelewa sana kuisimulia. National Trust yenyewe ilitoa ripoti mwaka 2020 ikitaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa.

Nyingine zisizo na kiingilio: makumbusho ya msanifu majengo Sir John Soane katikati ya London, ambayo sheria ya Bunge ya mwaka 1833 iliagiza ibaki kama mwenyewe alivyoiacha, Hertford House yenye mkusanyiko wa Wallace, nyumba aliyoishi mbunifu William Morris ujanani huko Walthamstow, Gunnersbury, iliyokuwa ya ukoo wa Rothschild, Christchurch Mansion mjini Ipswich, Cannon Hall karibu na Barnsley, na Provost Skene's House mjini Aberdeen, ambayo asili yake ni ya karne ya 16.

Namna ya kuzipata za eneo lako: fungua tovuti ya halmashauri, uende sehemu ya makumbusho, si sehemu ya utalii. Nyumba nyingi za matajiri wa zamani zilinunuliwa na halmashauri na sasa zinaitwa makumbusho, kwa hiyo ukitafuta "kasri" au "jumba" hutaziona. Angalia siku za kufunguliwa, maana nyingi hufunga Jumatatu na baadhi hufunga miezi ya baridi. Sanduku la michango mlangoni si kiingilio. Ukipita bila kuweka kitu hujamkosea mtu.

Zipo pia nyumba zenye tiketi ambazo viwanja vyake havina. Osterley, magharibi mwa London, ni ya namna hiyo: nyumba na bustani zinalipiwa, lakini eneo kubwa la nyasi, miti na maziwa liko wazi kwa wote. Kwa watoto wadogo hilo mara nyingi linatosha.

Hatua ya 3: Weka Septemba kwenye kalenda

Kila Septemba England huwa na Heritage Open Days, siku takriban kumi ambazo maelfu ya majengo hufunguliwa bure, yakiwemo ya watu binafsi na yale yasiyofunguliwa kabisa mwaka mzima. Utaratibu huu ulianza mwaka 1994. Scotland wana Doors Open Days, Wales wana Open Doors inayosimamiwa na Cadw, na Ireland Kaskazini wana siku zao katika mwezi huohuo. London inaongeza Open House, iliyoanza mwaka 1992, ambayo hufungua hata ofisi na nyumba za kisasa.

Orodha hutoka wiki kadhaa kabla, katikati ya likizo ya shule. Nyumba zinazohitaji kuweka nafasi hujaa upesi sana, kwa hiyo weka kikumbusho kwenye simu tangu Julai. Chagua nyumba moja inayohitaji nafasi na mbili zisizohitaji, zote upande mmoja wa mji. Ukipanga tano utashinda barabarani.

Hatua ya 4: Uliza tiketi ya pauni 1

Historic Royal Palaces na Royal Collection Trust zote huuza tiketi za pauni 1 kwa wanaopokea Universal Credit, Pension Credit na baadhi ya mafao mengine ya kipato cha chini. Tiketi huwekwa mtandaoni, na siku ya kwenda unabeba uthibitisho wa mafao, hata kama ni ukurasa wa akaunti yako ya Universal Credit kwenye simu. Piga picha ya skrini kabla hujatoka nyumbani, usitegemee mtandao wa simu getini.

Najua wapo watakaoona haya kuonyesha uthibitisho huo mbele ya watoto. Mhudumu wa geti anaangalia jina na tarehe tu, sekunde chache, kisha mnaingia kama wengine. Tiketi hizi zimewekwa kwa ajili yenu, zitumieni.

Lakini kuna wanaoachwa nje. Mwenye viza inayomzuia kupokea fedha za umma hawezi kuwa na Universal Credit, hata kama mshahara wake ni mdogo kuliko wa anayeipokea. Hilo naliona si haki, na linawagusa wengi wa jamaa zetu. Kwao hatua ya 2 na ya 3 ndizo nguzo.

Zipo kadi nyingine za kuulizia. Max Card hutolewa kwa familia zenye watoto wenye mahitaji maalumu au watoto wa kulea, kwa kawaida kupitia halmashauri, na inapunguza viingilio vya sehemu nyingi. Kadi ya Art Fund inafungua bure au kwa nusu bei nyumba nyingi zenye makusanyo ya sanaa. Watoto chini ya miaka 5 huingia bure karibu kila mahali, kwa hiyo usiwanunulie tiketi kwa mazoea, ingawa mara nyingine unatakiwa kuwawekea tiketi ya sifuri.

Hatua ya 5: Soma bei mara mbili

Kwenye kurasa nyingi za tiketi utaona bei mbili: moja ya kawaida, nyingine yenye maneno Gift Aid, yaani mpango wa serikali wa kuongezea michango ya hisani. Hiyo ya pili imeongezwa mchango wa hiari wa angalau asilimia 10, na mara nyingi ndiyo inayowekwa juu au kuchaguliwa tayari. Huna wajibu wa kuichukua. Bonyeza ile ya kawaida.

Kuna namna moja ambayo Gift Aid inaweza kukufaa. Sheria ya kodi inaruhusu shirika la hisani kuhesabu kiingilio chenyewe kuwa mchango, bila nyongeza, mradi mgeni apewe haki ya kurudi kwa miezi 12. Ndiyo maana baadhi ya nyumba hugeuza tiketi ya siku moja kuwa pasi ya mwaka mzima. Shirika linadai senti 25 kutoka kwa serikali kwa kila pauni uliyolipa, nawe unarudi bila kulipa tena. Sharti ni uwe unalipa kodi ya kutosha Uingereza. Kabla ya kununua, uliza: "Tiketi hii inaweza kugeuzwa kuwa pasi ya mwaka?" Kwa nyumba iliyo karibu na kwenu, swali hilo lina thamani kuliko punguzo lolote.

Hatua ya 6: Usafiri ndio gharama yenyewe

Wenye fedha wa zamani walijenga mbali na watu kwa kusudi. Leo hii inamaanisha nyumba nyingi nzuri ziko kilomita kadhaa kutoka stesheni, na basi la kijijini huenda lisiwepo kabisa Jumapili. Familia isiyo na gari inaweza kupata tiketi ya bure halafu ikalipa teksi mbili zinazozidi kiingilio cha nyumba jirani.

Kwa hiyo chagua nyumba kwa kufuata njia ya basi, usichague nyumba kisha utafute basi. Angalia ratiba ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Kwa treni, Family and Friends Railcard hupunguza theluthi moja ya nauli za watu wazima na asilimia 60 ya nauli za watoto wa miaka 5 hadi 15, kwa watu wazima hadi wanne na watoto hadi wanne. Safari ndefu moja au mbili huweza kurudisha bei ya kadi. Ina vizuizi vya saa za asubuhi siku za kazi katika eneo la London, lakini wikendi iko huru.

Dawa kubwa zaidi naiona kwenye kundi. Jumuiya, kanisa au msikiti unaweza kukodi basi dogo, na nyumba nyingi hutoa bei ya kikundi, kwa kawaida kuanzia watu 15. Familia nne tayari zimefika hapo.

Hatua ya 7: Uanachama, kwa kalamu na karatasi

Gawa ada ya mwaka kwa bei ya siku moja ya familia yenu. Ukipata tatu, maana yake ziara ya nne ndiyo inayoanza kukupa faida. Sasa jiulize mwaka jana mlitoka mara ngapi kwenda sehemu za aina hii. Hesabu mlizokwenda, usihesabu mnazotamani.

Muundo wa kadi ni muhimu kuliko bei. Mwanachama mmoja wa English Heritage anaweza kuingia na watoto hadi sita wa familia yake bila kuwalipia, kwa hiyo mama au baba anayelea peke yake anahitaji kadi moja tu ya mtu mzima. National Trust inauza kadi ya familia, na ipo pia ya familia yenye mzazi mmoja, hakikisha hukuuziwa ya wawili. Wanachama wa National Trust huegesha bure kwenye maegesho mengi ya shirika hilo, jambo linalobadilisha hesabu kwa mwenye gari. National Trust na ile ya Scotland hupokeana wanachama, kwa hiyo linganisha ada za pande zote mbili kabla ya kusaini. Ukilipa kwa makato ya benki uanachama hujirudia wenyewe kila mwaka, andika tarehe ya kuukatisha. Na kama mmekwisha kulipa tiketi ya siku, uliza kabla ya kuondoka kama wanarudisha fedha hiyo ukijiunga siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Kufikika kwa mwili

Fedha ikipatikana, bado kuna ngazi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inazitaka nyumba hizi zifanye marekebisho ya kiasi kwa wageni wenye ulemavu, lakini jengo linalolindwa kisheria haliwezi kutobolewa kuwekwa lifti bila kibali. Matokeo yake ni mchanganyiko: ghorofa ya chini inapitika, ya juu haipitiki, na mgeni analipa tiketi kamili kuona nusu ya nyumba.

Soma taarifa ya ufikikaji kwenye tovuti, halafu piga simu, kwa sababu lifti huharibika na tovuti haisemi. Uliza mambo haya kwa majina yake: vyumba vingapi vinafikika bila ngazi, umbali kutoka maegesho ya Blue Badge (kibali cha maegesho cha wenye ulemavu) hadi mlangoni, kama njia ni ya kokoto, kama kuna kiti cha magurudumu cha kuazima, na choo chenye kitanda cha kubadilishia mtu mzima. Kokoto ni adui mkubwa wa magurudumu kuliko ngazi, na watu husahau kuziulizia. Tovuti ya Euan's Guide ina tathmini zilizoandikwa na wenye ulemavu wenyewe, soma hizo kwanza.

Msaidizi wa mtu mwenye ulemavu huingia bure katika nyumba za National Trust na nyingine nyingi. Mtoto mwenye usonji atafaidika na saa za utulivu, ambazo baadhi ya nyumba huzipanga asubuhi.

Na bibi anayekuja na mkongojo? Mwombee kiti. Mhudumu wa chumba atamletea au atamwonyesha kiti anachoruhusiwa kukalia, maana vingine ni vya karne ya 18. Vigari vya watoto huachwa nje mara nyingi, lakini nyumba nyingi huazimisha mbeleko ya kiunoni au ya mgongoni. Ukiwa na kanga yako, umeshamaliza.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika mapema, ingia ndani ya nyumba kwanza, bustani baadaye. Wengi hufanya kinyume, wakakuta saa ya mwisho ya kuingia imepita. Beba chakula, kwani karibu kila uwanja una mahali pa kukaa na kula ulichobeba, na mgahawa wa ndani ndio unaovunja bajeti zilizopangwa vizuri.

Waambie watoto mapema kwa nini vyumba vina giza. Mwanga hupausha vitambaa na karatasi, na uharibifu huo haurudi nyuma, ndiyo maana mapazia hushushwa na mwanga hupunguzwa hadi kiasi cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwenye vitu dhaifu. Mtoto anayejua sababu haogopi, na mara nyingi hugeuka mlinzi wa wenzake.

Wahudumu wa vyumba wengi ni wastaafu wa kujitolea wanaoijua nyumba vizuri. Waulize maswali ambayo hayapo kwenye maandishi: nani alipika hapa, maji yaliletwaje juu, fedha za kujenga zilitoka wapi. Saa moja na nusu ndani inatosha kwa mtoto wa shule ya msingi. Ukiona macho yamechoka, toka.

Kama nyumba unayoitaka haina saa za kufunguliwa

Baadhi ya wamiliki binafsi wamesamehewa kodi ya mirathi kwa sharti kwamba umma uruhusiwe kuona nyumba au vitu vyake. Mamlaka ya kodi, HMRC, ina orodha ya wazi ya mali hizo, unaweza kuitafuta kwa eneo. Mmiliki anaweza kutoza kiingilio cha kiasi, na kwa baadhi ya mali unatakiwa kuomba miadi. Andika barua pepe fupi: taja mali kama ilivyoandikwa kwenye orodha, idadi yenu, umri wa watoto, mahitaji ya kutembea, na tarehe tatu zinazowafaa.